Mama mkwe alituzawadia sahani nzuri, sasa naogopa kuwalishia watoto

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mkubwa ana miaka mitatu na nusu, mdogo ana miezi tisa na ndiyo kwanza amejua kushika kijiko na kukitupa. Tatizo langu wengine wataliona dogo, hata mume wangu ameshaniambia nimekosa kazi ya kufanya, lakini mimi linaninyima usingizi.

Tulipofunga ndoa, mama mkwe alituzawadia seti ya sahani na mabakuli ya kauri aliyoachiwa na mama yake. Kwa kweli ni nzuri: maua mekundu na ya manjano katikati, ukingo wa dhahabu. Tumezitumia kila siku kwa sababu mama akija hufurahi kuziona mezani. Majuzi nimeona video ya mtu ameshika kimashine kama bastola, anakielekeza kwenye sahani inayofanana kabisa na zangu, namba zinapanda, anasema imejaa madini ya risasi na kwamba mwenye sahani kama hiyo anawalisha wanawe sumu. Nikaenda kuzitazama zangu vizuri. Maua yamefifia, na mbili zina nyufa nyembamba kama unywele.

Mdogo ana bakuli lake gumu na jepesi, lina picha za wanyama, chini limeandikwa melamini. Humo namtilia uji wa moto, na ukipoa naurudisha kwenye maikrowevu na bakuli lake. Rafiki yangu mmoja amesema hilo nalo ni hatari, bora plastiki ya kawaida. Mwingine akasema plastiki ndiyo mbaya kuliko vyote, ninunue vyombo vya mianzi kwa kuwa ni vitu vya asili. Nimefika dukani nikakuta karibu kila chombo kimebandikwa "salama, hakina sumu", cha bei ya chini na cha bei ya juu. Sasa nimefika mahali nataka kutupa kila kilichomo jikoni nianze upya, na hela hiyo hatuna.

Naomba unisaidie. Kuna chombo ambacho hakina madhara kabisa? Sahani za mama mkwe nizifanye nini? Nikiziondoa mezani ataona nimemdharau. Kuna kipimo cha kununua nikajipimia mwenyewe nyumbani? Na je, watoto wangu wameshadhurika? Glasi naiogopa, maana mkubwa anarusha kila anachokishika.

Nilisahau kusema, nina mimba ya miezi minne.

Mama Wawili na Nusu

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa huyo nusu.

Uliyoyaandika kwa kirefu nitayafikia, lakini lile ulilolisahau ukalibandika mwishoni ndilo linalotangulia. Madini ya risasi yakiingia mwilini, mwili huyapokea kana kwamba ni kalisiamu na kuyaweka akiba kwenye mifupa, yakakaa humo miaka na miaka. Mwanamke akibeba mimba, mifupa yake hutoa kalisiamu ya kumjenga mtoto, na risasi iliyolala humo hutoka nayo ikavuka kondo la nyuma. Kwa hiyo kuanzia mlo wa leo, hata wewe usipakue chakula chako kwenye sahani za maua. Ukienda kliniki, mwambie mkunga au daktari kwamba umekula kwa miaka kadhaa kwenye kauri za zamani, umuulize kuhusu kipimo cha risasi katika damu. Na usikose madini ya chuma na kalisiamu katika chakula chako, kwa sababu mwili uliopungukiwa na hayo mawili hufyonza risasi kwa pupa zaidi.

Baada ya hapo, pumua. Huna haja ya kutupa jiko zima.

Umeuliza kama kuna chombo kisicho na madhara kabisa. Kioo kitupu kisicho na rangi wala picha, na chuma cha pua kilicho bora, ndivyo vinavyokaribia. Lakini usiishie kwenye jina la chombo. Kinachotoka kwenye chombo na kuingia kwenye chakula hutolewa na joto, uchachu na muda, na mikwaruzo huongezea. Sahani ileile ukiiwekea kipande cha mkate mkavu kwa dakika tano, hakuna kikubwa kilichotokea. Ukiitilia mchuzi wa nyanya wa moto ukaulaza humo hadi kesho, hiyo ni habari nyingine. Basi kazi za moto, za kuchacha na za kulaza chakula wape vyombo vya uhakika. Vile usivyovijua vizuri vibaki na matunda yasiyomenywa, biskuti na funguo za nyumba.

Sasa sahani za mama mkwe, maana hizo ndizo zimekuleta hapa. Kauri huvikwa juu tabaka linaloyeyuka kwenye tanuri likawa kama kioo. Ndiyo ile ngozi laini inayong'aa. Tangu zamani sana wafinyanzi walipenda kutia risasi kwenye tabaka hilo kwa sababu huyeyuka kwa moto mdogo, hung'aa vizuri na hukoleza rangi. Kadimiamu nayo, ambayo ni metali nyingine yenye sumu na hujilimbikiza kwenye figo, ndiyo iliyotumika kupata nyekundu, chungwa na manjano za kukolea. Mchanganyiko ukiwa sahihi na tanuri likiwa na moto wa kutosha, madini hayo hufungwa ndani ya tabaka na kinachotoka ni kidogo mno. Mambo yakienda shoto, hutoka kila siku, kidogo kidogo, na mlaji hasikii ladha wala harufu.

Pitisha ncha ya kidole juu ya maua. Ukisikia kama yamenyanyuka kidogo, yamechorwa juu ya tabaka na kuchomwa kwa moto mdogo, kwa hiyo hayana kinga yoyote kati yake na chakula. Kwako wewe hata kidole si lazima, kwa sababu umeshaniambia yamefifia. Rangi haifutiki ikaenda hewani, mwanangu. Imeondoka na sabuni, na nyingine imeondoka na chakula. Nyufa za unywele nazo zinapitisha mchuzi hadi chini ya ile ngozi inayong'aa. Sijaziona sahani zako na siwezi kuapa kwamba zina risasi, lakini za zamani, za rangi kali, zilizofifia na zilizopasuka, zote kwa pamoja? Mimi nisingempakulia mtoto humo.

Kuhusu ile video, kuna jambo hukuambiwa. Kimashine kile hupiga eksirei na kusoma madini yote yaliyomo kwenye sahani, yaani ni kiasi gani kipo ndani, katika sehemu kwa milioni. Hakisemi ni kiasi gani kinatoka. Wanaorusha video hizo mara nyingi hulinganisha namba na 90, kikomo kilichowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 2008 kuhusu risasi katika rangi za bidhaa za watoto. Vyombo vya kauri vya kulia hupimwa kwa njia nyingine: hujazwa maji yenye asidi ya siki ya asilimia 4, vikaachwa kwa saa 24, kisha hupimwa kilichotoka kwenye maji yale. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huruhusu mikrogramu 3 za risasi kwa mililita kwa sahani bapa, lakini 0.5 tu kwa vikombe na majagi, kwa sababu humo vinywaji hukaa na vingine ni vikali. Kwa hiyo sahani yaweza kuzipandisha namba za kimashine hadi juu na bado isitoe kitu cha maana kwenye chakula. Mwenye video amekurusha roho kwa namba isiyojibu swali lako. Hata hivyo sahani zako bado zina kesi ya kujibu, kwa zile sababu nilizotaja.

Vile vipimo vya kujipaka nyumbani, kijiti kinachogeuka rangi, usivinunue. Vinaweza kusema hakuna wakati ipo, au kusema ipo kwa sababu ya kitu kingine. Jibu la uhakika kuhusu sahani hutoka maabara, na kwa seti nzima gharama yake huenda ikazidi ya kununua sahani mpya. Fedha hiyo ina kazi nzuri zaidi, nayo ni kupima damu za watoto.

Je, wameshadhurika? Kwa kuwatazama hutajua, na hata daktari hatajua kwa macho, kwa sababu risasi ya kiwango kidogo haina dalili za wazi. Hugusa ubongo unaokua: usikivu, kujifunza, tabia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichomezwa. Ndiyo maana sikwambii upuuze kama mumeo alivyokwambia. Waombee wote wawili kipimo cha damu. Marekani tangu mwaka 2021 hutumia mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu kama alama ya kuanza kufuatilia mtoto na kutafuta chanzo. Kipimo cha kuchoma kidole kikionyesha juu, kirudiwe kwa damu ya mshipa kabla hujaanza kulia, kwa sababu uchafu kidogo kwenye ngozi ya kidole unatosha kukiharibu.

Majibu yakija juu kweli, tiba ya kwanza ni kuondoa chanzo, na kiwango kwenye damu hushuka kadiri siku zinavyopita. Dawa za kuvuta risasi mwilini hutolewa na daktari pale tu kiwango cha risasi kwenye damu kinapokuwa juu sana. Chai za kusafisha damu na poda za kutoa sumu, za kuuziwa na yeyote yule, kaa nazo mbali, hasa kwa hali uliyonayo. Na usikwame kwenye sahani peke yake. Katika nyumba nyingi risasi hutoka kwenye rangi ya zamani inayobanduka ukutani na vumbi lake, kwenye mabomba ya zamani, au kwenye nguo za mtu anayefanya kazi ya betri au ya kuyeyusha vyuma. Ikiwa mmoja wenu anafanya kazi ya namna hiyo, nguo za kazi zisiingie chumba wanachotambaa watoto.

Bakuli la wanyama sasa. Hapa sina maneno ya kuzungukazunguka: uji wa moto na maikrowevu vikome leo. Melamini ni plastiki ngumu inayotengenezwa kwa kuunganisha kemikali mbili, moja inaitwa melamini vilevile na nyingine fomaldehaidi. Chakula cha baridi hakiisumbui, lakini ikipata joto la nyuzi 70 na kuendelea huanza kuachia vyote viwili, na zaidi ikiwa chakula ni kichachu. Taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za vyakula imeshawashauri watu wasiipikie wala kuitia kwenye maikrowevu. Watafiti wa Taiwan nao waliwapa watu 12 supu ya moto wa nyuzi 90 kwenye mabakuli ya melamini, kisha siku nyingine wakawapa kwenye mabakuli ya kauri. Melamini iliyotoka kwenye mkojo wao katika saa 12 ilikuwa wastani wa mikrogramu 8.35 baada ya bakuli la melamini, na 1.31 baada ya lile la kauri. Ni kiasi kidogo, sitaki uingie hofu nyingine. Lakini walikuwa watu wazima waliokunywa mara moja. Mwanao ana miezi tisa, anakula humo kila siku, na wewe unaurudisha uji kwenye moto na bakuli lake. Liache liwe la matunda na biskuti. Likianza kupoteza mng'aro au kuchimbika kwa kijiko, litupe.

Hapohapo umjibu yule rafiki wa mianzi. Sahani laini, imara, ya rangi za kupendeza, inayoitwa ya mianzi, mara nyingi ni unga wa mianzi uliogandishwa kwa gundi ileile ya melamini. Mwanzi mtupu hausagiki ukawa kikombe bila kitu cha kuushikanisha. Na kuwemo kwa unga huo hakuisaidii gundi. Kunaifanya ichakae na kuachia haraka zaidi. Umoja wa Ulaya uliona hivyo na mwaka 2021 ukaanzisha msako wa kuziondoa sokoni bidhaa hizo. Kijiko cha mti uliochongwa, kisichopakwa vanishi, ni jambo jingine, hicho hakina neno.

Yule wa plastiki ana nusu ya ukweli. Geuza chombo, tafuta pembetatu yenye namba. Namba 5 ni polipropilini, ndiyo ninayoivumilia kwa bakuli la mtoto, kwa chakula kilichopoa. Madaktari wa watoto wa Marekani, katika ushauri wao wa mwaka 2018, waliwataka wazazi waziepuke 3, 6 na 7 kadiri wanavyoweza, na wasipashe chakula wala maziwa ya mtoto kwenye plastiki ndani ya maikrowevu. Maneno "inafaa kwa maikrowevu" yanamaanisha chombo hakitayeyuka. Hayakuambii nini kinaingia kwenye chakula. Utaona pia "haina BPA". Hiyo ni kemikali inayofanana kiutendaji na homoni ya kike, na wasiwasi juu yake ni wa kweli: Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwishoni mwa 2024 ukapitisha marufuku pana ya vitu vinavyogusa chakula. Shida ni kwamba baadhi ya viwanda viliitoa vikaweka binamu yake BPS, na dalili ni kwamba binamu naye ana tabia za familia. Plastiki iliyokwaruzika, iliyopauka au inayonukia, itoke jikoni hata ikiwa na namba nzuri.

Lile neno "hakina sumu" kwenye lebo halina uzito. Mtu yeyote mwenye printa anaweza kulibandika. Vyenye maana ni alama ya shirika la viwango, jina la mtengenezaji na mahali anapopatikana, na kile kialama kidogo cha glasi na uma kinachoonyesha kuwa chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Kinyume chake, chombo cha kauri kilichoandikwa kuwa ni cha mapambo, au kilichotobolewa tundu makusudi ili kining'inizwe ukutani, usikilazimishe kuwa sahani hata kikiwa kizuri vipi.

Kwa hela mliyonayo, fanya hivi. Nunua sahani mbili na mabakuli mawili ya chuma cha pua kwa watoto, basi. Tafuta yaliyoandikwa 304 au 18/8, yaani asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, na yasipakwe rangi ndani. Yachemshe na kuyaosha kabla ya matumizi ya kwanza, kwa sababu chuma kipya huachia kidogo zaidi katika siku zake za mwanzo kisha hutulia. Usilaze humo chakula kichachu. Jambo moja la kuzingatia: chuma hushika joto haraka kikamchoma mtoto vidole na midomo, kwa hiyo papasa bakuli kwa nje kabla hujampa. Maikrowevu nayo haikubali chuma, na hapo ndipo glasi inapohitajika: bakuli moja la kioo la kupashia uji, ambalo linaishia mikononi mwako, halifiki kwa mrusha vitu. Uji ukishapata joto unamiminwa kwenye bakuli la chuma. Ikiwa mmoja wa watoto hutokwa na vipele akigusa vishikizo vya chuma au hereni, huenda ana mzio wa nikeli. Huyo mpe kioo kigumu au kauri nyeupe badala yake.

Maana kauri nayo si adui. Sahani mpya nyeupe, isiyo na nakshi upande wa chakula, kutoka kiwanda kinachofuata viwango, ni chombo safi kabisa, na wewe na mumeo mnaweza kulia humo miaka yote. Kioo cha kawaida cha dukani pia ni kizuri. Kile kilichoimarishwa kwa joto huhimili kuangushwa zaidi, na kikivunjika hutawanyika vipande vidogo visivyochoma kama vile virefu, ingawa ukikiona kimechubuka ukingoni usisubiri siku yake. Bilauri nzito za kumetameta, zile za kuwekwa kabatini kwa ajili ya wageni, ziulize kwanza: kristali ya jadi ina oksidi ya risasi asilimia 24 au zaidi. Mgeni akinywea maji akaondoka, hakuna neno. Kinywaji kisihifadhiwe humo, na wewe mjamzito usizitumie.

Vikombe vya picha kwa nje havimo kwenye barua yako, lakini nina hakika vimo kabatini. Watu hudhani rangi ya nje haina shida. Mwaka 2010 McDonald's iliziita zirudi glasi zipatazo milioni 12 zilizouzwa Marekani kwa sababu michoro yake ya nje ilikuwa na kadimiamu. Mtoto hushika kwa mkono, kisha mkono huingia mdomoni. Chagua ambacho picha yake haifiki karibu na ukingo wa kunywea, na kikianza kubanduka kiondoe. Enameli iliyobanduka ndani iondoe vilevile.

Imebaki mama mkwe. Usimvizie akija akute meza imebadilika, na usimwonyeshe ile video, atasikia unamwambia alimlisha mwanawe sumu. Ninavyoona mimi, mwenye kumweleza ni mumeo, kwa kuwa ni mama yake na kwa kuwa yeye ndiye aliyesema umekosa kazi ya kufanya. Msomee sehemu ya damu na mimba hapo juu, kisha umpe hiyo kazi. Aseme hivi au karibu na hivi: "Mama, sahani za bibi zimeanza kupasuka na watoto wanarusharusha, tukaona tuziweke kabatini zisiishe. Daktari naye amesema mama watoto asile kwenye kauri za zamani wakati huu wa mimba." Hilo la daktari liwe kweli kabla halijasemwa, kwa hiyo nenda kliniki kwanza. Ziwekeni mahali zinapoonekana, palipo juu, si kwenye boksi chini ya kitanda, kwa sababu akiziona zimepewa heshima hatauliza mengi. Zile mbili zenye nyufa zisirudi mezani kwa mtu yeyote.

Na akisisitiza kwamba yeye atakula kwenye sahani yake kama zamani, usigombane naye. Mwekee kipande cha mkate mkavu au biskuti kwenye ile iliyo nzima, mchuzi umpe kwenye bakuli jeupe, na mjukuu asimegewe kutoka sahani ya bibi.